Karata za taroti kwa anayeandika stori: namna ya kuzitumia ukiwa umekwama

Taroti ni seti ya karata 78 zenye picha, wengi wanazijua kwa kutabiria. Tuanze na hili maana najua litaulizwa tu: hapa hatupigi ramli. Huku kwetu Mbeya ukitaja karata na kutabiri kwa pumzi moja watu wanakunja uso, na wana haki, ramli chonganishi imevuruga familia na watu wanakamatwa kwa ajili yake. Kwa hiyo kabla hata ya hatua ya kwanza, weka hili kichwani: hizi karata huziulizi kuhusu mtu. Huulizi nani kaniroga, huulizi mume wa fulani analala wapi, huulizi kama ajira zitatoka. Unaziuliza kuhusu maandishi yako basi. Hii stori imekwama wapi, huyu mhusika anaficha nini, leo niandike nini wakati nina nusu saa tu kabla sijafungua duka. Na jibu lenyewe halitoki kwenye karata, linatoka kwako, karata inakulazimisha tu uangalie upande ambao umekuwa unaukwepa. Mi naamini hivyo na sijaona sababu ya kuamini zaidi ya hapo.

Alafu kiasili hazikuwa hata za uganga. Zilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15, mchezo wa karata wa kawaida kabisa, watu wanakaa mezani wanacheza. Ni miaka ya 1780 huko Ufaransa ndo wakaanza kuziandikia vitabu vya kutabiria. Zile picha ambazo ukisachi mtandaoni zinakuja za kwanza zilitoka London mwaka 1909, mchoraji ni dada mmoja anaitwa Pamela Colman Smith, sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika, akachora kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Huyu dada ndo sababu sisi waandishi tunazipenda. Kabla yake karata nyingi za namba zilikuwa na alama tu, vikombe vitano vimepangwa, fimbo nane zimepangwa, hamna kitu kinatokea. Yeye karibu kila karata akaweka watu wanafanya jambo, na wamekatwa katikati ya tukio, hujui walitoka wapi wala itaishaje. Sasa mwandishi akiona tukio limekatwa katikati anafanya nini? Anamalizia. Mchezo mzima uko hapo.

Hatua ya 1: pata karata, na usisubiri uwe na hela

Ukiwa na ndugu Dar au nje akakuletea boksi zima, sawa. Ila usikae miezi unasubiri. Zile picha za 1909 haki zake zimeshaisha muda, kwa hiyo kupakua na kuprinti siyo wizi. Nenda steshenari yoyote, Mwanjelwa zipo, ukiwa Iringa mjini zipo za kutosha jirani na vyuo, waambie unataka karatasi ngumu za A4, zile za kutengenezea vyeti. Karata moja ifanye sentimita 7 kwa 12, A4 moja inatoa karata 6 ukizipanga vizuri, kwa hiyo karatasi 13 zinatosha karata zote 78. Usitumie karatasi laini hata kama ni bei chee, ukichanganya mara kumi zinajikunja masikio na utaanza kuijua karata ya Mnara kwa nyuma kabla hujaivuta.

Mi nakushauri baadhi uzichore mwenyewe hata kama hujui kuchora, chora vijiti tu. Yangu ya Gari la Farasi ni daladala ya kwenda Uyole, konda ananing'inia mlangoni mguu mmoja nje. Sita ya Mapanga kwenye picha ya kizungu ni mtu anavusha mama na mtoto kwa ngalawa, mama kajifunika, hauoni uso, mapanga sita yamesimama mbele yao, basi mi nimeweka mtumbwi wa Matema na milima ya Livingstone nyuma. Ukichora kitu unachokijua, siku ukikivuta kinakuongelesha haraka.

Njia ya tatu ni ya bure kabisa: karata za kawaida zile za kuchezea last card. Kopa ndo vikombe, shupaza ndo mapanga, pau ndo fimbo, uru ndo sarafu, ni jamii moja tu. Utakosa zile 22 kubwa (nazieleza hatua ya 2) na kwenye zile za mfalme na watu wake watakuwa watatu badala ya wanne kwa kila kundi, na hamna picha za matukio, kwa hiyo itabidi uwe na orodha ya maana pembeni. Inafanya kazi ila imepooza kidogo. Kwa kuanzia ni sawa.

Hatua ya 2: jua mpangilio, usikariri

Karata 78. Kati ya hizo 22 ni kubwa, zina majina: Mjinga, Mfanya Mazingaombwe, Mzee wa Upweke, Gurudumu, Kifo, Mnara, Nyota, Mwezi, Jua na wenzao, zinaanzia 0 hadi 21. Zilizobaki 56 ni makundi manne ya karata 14, moja hadi kumi, alafu Kijana, Mpanda Farasi, Malkia, Mfalme.

Makundi ukiyaweka kwenye lugha ya mwandishi yanakuwa hivi. Fimbo ni moto, hamu, ile unaamka usiku una wazo. Vikombe ni moyo, mahusiano, kinachomuuma mhusika na kinachokuuma wewe. Mapanga ni akili na maneno, ugomvi, ukweli mchungu, na kwetu sisi ni kuhariri, kukata. Sarafu ni vitu vinavyoshikika, hela, mwili, shamba, meza unayoandikia, muda wako. Namba nazo zinasogea, moja ni mbegu, tano karibu kila kundi ni shida, kumi ni mwisho au mzigo umezidi.

Yatosha. Kuna watu wanakaa mwaka mzima wanasoma maana za karata na hawajaandika hata ukurasa, huko ni kukimbia kazi kwa heshima.

Hatua ya 3: uliza swali linalojibika

Hapa ndo wengi wanaharibu. Swali kama "je nitakuwa mwandishi maarufu" halina cha kufanya baada ya jibu. Karata ikisema ndiyo utafanyaje? Utakaa. Ikisema hapana utakaa pia. Swali zuri lina nini, wapi, ipi au kwa nini ndani yake, na ukilijibu kuna kitu mkono unaweza kufanya jioni hiyohiyo. Kwa nini nimeacha kufungua hii faili? Nini kinakosekana kwenye sura ya pili? Huyu bibi kwenye stori anataka nini ambacho hajakisema? Kati ya hizi stori mbili ipi ina joto?

Liandike swali kwenye daftari kabla hujashika karata. Kaunta buku ya kawaida inafaa, na iwe ya karata tu, usichanganye na hesabu za mchezo wa kupeana. Kuliandika kuna sababu, bila hivyo ukivuta karata isiyokupendeza utabadilisha swali kimyakimya ili lifanane na jibu, akili ni fundi sana wa hilo.

Hatua ya 4: vuta, alafu funga mdomo wa maana

Changanya, kata, vuta moja. Usikimbilie kwenye kitabu wala simu kuangalia maana. Dakika tano nzima andika unachokiona tu kama polisi anavyoandika maelezo. Nani yupo, kavaa nini, mikono iko wapi, anaangalia wapi, hali ya hewa ikoje, kuna nini pembeni ambacho hakihusiki.

Chukua Tano ya Sarafu. Watu wawili wanapita kwenye theluji, mmoja ana magongo na kengele shingoni, mwingine peku kajitanda shuka limechanika, na juu yao kuna dirisha la kanisa lina mwanga. Ukisoma kitabu watakuambia umaskini, kukosa. Sawa. Ila ukiangalia polepole unaona hakuna hata mmoja anayeangalia dirisha. Hilo hakuna kitabu kinachokulazimisha kuliona, umeliona wewe, na siku nyingine utaona kengele. Kile jicho lako lilichokigandia ndo jibu la leo. Kwa mtu wa Makambako au Njombe anayejua baridi ya mwezi wa saba, umeme umekatika, hiyo karata haihitaji hata theluji, unajua kabisa miguu yao inajisikiaje.

Baada ya hapo ndo usome maana kama unataka. Mara nyingi hutataka.

Hatua ya 5: karata tatu kwa mhusika aliyegoma

Kuna mipangilio mingi sana, ya karata kumi, ya duara, ya msalaba. Achana nayo kwanza, kumi ni kelele tupu kwa mtu anayetaka kuandika. Tatu zinatosha: ya kwanza anachokitaka, ya pili anachokiogopa, ya tatu asichokijua.

Nitakuonesha moja mwanzo mwisho. Stori inamhusu Ambakisye, konda wa basi la Tunduma kuja Mbeya. Abiria kashuka Mlowo kasahau begi, ndani kuna hela. Stori imeanza vizuri, basi linapanda, watu wanagombania dirisha, alafu kurasa nzima Ambakisye anawaza arudishe au asirudishe, anawaza, anawaza, msomaji kashalala. Swali: kwa nini Ambakisye hasogei?

Anachokitaka, ikatoka Saba ya Mapanga. Jamaa ananyata anatoka kambini kabeba mapanga matano, anageuka nyuma, na mapanga mawili kayaacha yamesimama ardhini. Maana ya kitabu ni wizi, ujanja. Lakini mapanga mawili yale. Kwa nini hajabeba yote? Hapo kikaja kitu: Ambakisye ameshachukua. Siyo begi zima, kachomoa kiasi kidogo tu akiwa bado barabarani, hata kabla ya zile kurasa za kuwaza. Kwa hiyo lile swali la arudishe au asirudishe lilikuwa la uongo tangu mwanzo, hawezi kurudisha kwa sababu hela imepungua. Ndo maana kurasa zote zile zilikuwa zimelala, mwandishi alikuwa anaongelea shida ambayo mhusika hana.

Anachokiogopa, Sita ya Sarafu. Tajiri kasimama ana mizani mkononi, anadondosha sarafu kwenye viganja vya watu wawili waliopiga magoti. Unaweza ukaisoma ukarimu. Ila kwenye nafasi ya hofu inageuka, Ambakisye anaogopa kuwa yule aliyepiga magoti. Ili begi litimie inabidi amwombe bosi wa basi posho ya mbele, na bosi huyo anapenda kutoa hela mbele za watu, pale stendi ya Nane Nane, kwa sauti, "Haya njoo chukua, si mlisema nabana?" Hiyo tayari ni sini nzima, yaani tukio kamili, ina mahali, ina watu, ina aibu. Umeshapata kitu cha kuandika leo.

Asichokijua, Kijana wa Vikombe. Dogo kavaa maua maua, kashika kikombe, samaki katoa kichwa ndani ya kikombe wanaangaliana, na dogo wala hajashtuka. Hii ilikuwa ngumu kidogo. Kitu kinachoongea kutoka ndani ya chombo ambacho ulidhani unakijua. Basi, begi lina simu chini kabisa, na usiku inaita, na anayepiga ni mtoto. "Baba umefika?" Ambakisye akikata simu ni mtu mmoja, akijibu ni mtu mwingine kabisa, na hapo huhitaji karata tena, weka pembeni.

Umeona hakuna uchawi hapo. Karata nyingine tatu zingeleta stori nyingine, na ingeweza kuwa nzuri vilevile. Kazi iliyofanyika ni kwamba mwandishi kaacha kukanyaga palepale.

Hatua ya 6: andika hapohapo

Weka alamu ya simu dakika 20, simu yenyewe ikae mbali na data imezimwa. Andika sini ambayo karata imekupa, bila kurudi nyuma kusahihisha. Siyo kesho. Wazo la karata lina tabia ya kuonekana zuri sana usiku alafu asubuhi unaliona la kawaida, kwa hiyo lipate maneno likiwa bado la moto. Ukimaliza, chini ya ukurasa andika mstari mmoja: jina la karata, na ulichokigandia.

Mambo ya kuangalia

Usivute tena na tena mpaka ipatikane unayoitaka. Swali moja, karata zake, imetoka hiyo. Ukivuta ya pili kwa sababu ya kwanza imekuudhi, jiulize kwanza kwa nini imekuudhi, maana mara nyingi ile ya kuudhi ndo yenye mali. Mfano unauliza kwa nini riwaya haiishi inatoka Nne ya Vikombe, jamaa kakaa chini ya mti kakunja mikono, ana vikombe vitatu mbele yake, mkono unatoka kwenye wingu unampa cha nne, wala hatazami. Unaudhika. Sawa, sasa orodhesha vitu vitatu ulivyopewa mwezi huu kwa ajili ya hii riwaya ukavipuuza: rafiki aliyejitolea kusoma, ile asubuhi ya Jumamosi ulikuwa huna kazi, ule mwisho uliouota ukausahau kwa makusudi.

Kifo ikitoka usianze kukemea. Kwenye maandishi ni karata nzuri sana, inauliza nini kife hapa: mhusika wa ziada, sura ya kwanza yote, lile wazo la kwamba lazima stori iwe ndefu. Mnara vilevile, radi imepiga jengo, taji limeruka, watu wawili wanadondoka vichwa chini, kwa mwandishi maana yake ni kwamba jambo unaloliahirisha mpaka sura ya tisa litokee sasa. Karata ya Aliyening'inizwa, mtu kaning'inia kwa mguu mmoja ila uso umetulia, kichwa kina mwanga, jaribu kusimulia kutoka kwa mtu mwingine, hata kwa adui.

Karata ikitoka kichwa chini wengine wana maana nyingine kabisa. Mi naigeuza tu naendelea.

Na kila mwisho wa mwezi rudi kwenye kaunta buku. Watu wanapenda kuhesabu, oh mwezi huu Mapanga yamenitoka mengi, ina maana gani. Karata zikichanganywa zinatoka zinavyotoka, usijitese na hesabu. Kitu cha kusoma ni ile mistari ya chini, ulichokigandia. Ukikuta kwenye karata tofauti tofauti jicho lako linaenda kwenye milango iliyofungwa, au kwenye yule mtu aliyesimama pembeni hasemi kitu, basi hapo kuna stori yako ambayo hujaiandika na inakufuata. Anzia hapo mwezi ujao, hata bila karata.

Nyumbani watasema nini

Ukiishi na wazazi au mama mwenye nyumba mcha Mungu, usifiche. Kitu cha kufichwa chini ya godoro ndo kinazaa maneno mtaa mzima. Mwoneshe mchana kweupe. Akiuliza "Mwanangu hizi nazo ni nini?" mwambie "Shikamoo mama, ni picha za kunisaidia kutunga hadithi, hebu vuta moja uniambie hapa kunatokea nini." Na akivuta utashangaa. Wazee wetu wamekulia kwenye hadithi za jikoni moto unawaka, mpe Mzee wa Upweke, yule kasimama kilimani kashika taa na mkongojo, atakuambia huyo anamtafuta mbuzi au anamtafuta mtoto aliyekimbia, na ataongeza kabisa ni mtoto wa nani. Andika. Ila kama imani yake haimruhusu hata kuzigusa, usibishane naye, heshimu, tumia za kwenye simu au chora picha zako kwenye vikaratasi bila majina ya kizungu, kazi ni ileile.

Mkiwa waandishi wawili watatu mnakutana, jaribuni hii: karata moja katikati ya meza, kila mtu dakika kumi, alafu mnasoma kwa sauti. Hakuna kusifia, kila mmoja anasema tu kitu kimoja ambacho mwenzake kakiona na yeye hakukiona. Watatu wakiandika Mwezi, ile yenye mbwa na mbwa mwitu wanabweka na mdudu kama kaa anatoka majini, mtapata stori tatu ambazo hazijuani.

La mwisho ni utunzaji, hasa mkiwa Tukuyu au Mufindi ambako nguo tu inakaa siku tatu haijakauka. Karata za karatasi zinavuta unyevu zinagandana na kuota ukungu. Usiziache dirishani wala juu ya ukuta unaotoa jasho. Zifunge kwenye mfuko wa nailoni, alafu kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na kabla ya kuvuta zitandaze mezani kidogo jua likitoka. Zikishaanza kuwa na madoa unayoyatambua kwa nyuma, printi upya hizo tu, si lazima seti nzima, na ile ya zamani ibandike kwenye kaunta buku kwenye ukurasa wa stori iliyokupa.